Mie Ninaye Wako

Jua lilikuwa linazama Kokushubila alipotoka kwa Hija, muuza samaki, akiwa na vichwa vitatu vya changu ndani ya jani la mgomba. Havikuwa vya mchuzi. Vilikuwa vya mondo.

Ulikuwa mwaka 1951, na Kinondoni ilikuwa bado mikorosho, nyumba chache za makuti na pori. Mumewe, Gozbert, Mhaya kama yeye, alikuwa karani wa wapima ardhi. Mwaka mmoja nyuma, vibarua wake walipofyeka nyasi kule Madale walikuta kitoto cha mondo, yule paka wa porini, peke yake kichakani. Gozbert akakitia ndani ya kofia, akaja nacho nyumbani.

Wakati huo walikuwa na wiki mbili tangu wamzike Apolonia, binti yao wa miezi minne, aliyekufa kwa homa. Maziwa ya Kokushubila yalikuwa hayajakauka. Aliyakamulia kwenye kitambaa, kile kitoto kikanyonya. Siku ya mazishi hakulia. Siku hiyo pia hakulia. Alikamua tu.

Sasa mondo alikuwa anamfika magotini, miguu mirefu, madoa meusi, masikio yamesimama. Alilala kwenye mkeka, pale alipokuwa akilala mtoto. Na kila jioni Kokushubila alitoka mlangoni, akamwita: "Apolonia!"

Jirani yao, Mwajabu, mwanamke mtu mzima wa Kizaramo, alimwonya. "Mwanangu, mnyama wa porini usimwite jina la mtu. Jina linafika mbali."

"Ndiyo, mama," alijibu. Jioni yake akaita tena.

Basi jioni hiyo ya vichwa vya samaki, alipofika penye mikorosho ya mwisho, alimkuta mwanamke amechutama kando ya njia. Hakuwa mtu wa mtaani. Alinuka majani mabichi na maziwa yaliyochacha.

"Mtoto hajambo?" aliuliza yule mwanamke, kwa sauti ya chini.

Kokushubila hakuwa na mtoto. Hata hivyo alijibu, "Hajambo."

"Anakula?"

"Anakula."

"Samaki usimzidishie. Atamchafua tumbo."

Kisha yule mwanamke akasema, "Kila jioni nakusikia unaita. Na huyu wa kwangu kule, akisikia jina lile... anageuza shingo."

"Wa kwako nani?"

"Mie ninaye wako. Wewe unaye wangu. Kesho, wakati kama huu, tubadilishane."

Mwingine angetupa samaki akakimbia. Kokushubila alisubiri woga umjie. Haukuja. Aliuliza tu, "Nije na nini?"

"Njoo naye."

Nyumbani alimwambia Gozbert, "Kesho nampeleka mondo porini."

Gozbert alimtazama mnyama, akamtazama mkewe. "Haya, Koku," akasema, akaendelea kula.

Kesho yake jioni alimfunga mondo shingoni kwa kipande cha khanga, wakaongozana hadi kwenye mikorosho. Nyenje walikuwa wanapiga kelele kila upande.

Wakanyamaza. Wote, kwa mara moja.

Yule mwanamke alikuwa amesimama kati ya miti, amebeba mtoto mgongoni. Akamfungua taratibu, akampakata. Alikuwa mtoto wa kike, nywele zimesukwa, meno manne mdomoni. Kidole chake kidogo cha mkono wa kushoto kilikuwa kimepinda, kama cha Gozbert.

"Apolonia," aliita Kokushubila.

Mtoto akageuza shingo.

Macho yake yalishika mwanga uliobaki, yakang'aa... kama ya paka.

Akamtazama mama yake. Akamtazama sana. Kisha midomo ikamtetemeka, akaangua kilio, akauficha uso shingoni mwa yule mwanamke, kama afanyavyo mtoto yeyote akimwona mgeni.

Yule mwanamke akagonga ulimi mara mbili kumwita mondo. Mondo manyoya yakamsimama. Akarudi nyuma ya miguu ya Kokushubila, akajibana hapo, anatetemeka.

"Mchukue," alinong'ona yule mwanamke. Lakini mikono yake haikumwachia mtoto.

Kokushubila alinyoosha mkono, akagusa kisigino. Kilikuwa cha moto. Mtoto akauvuta mguu wake.

"Mwache," alisema Kokushubila. "Amekuzoea."

"Na wangu?"

"Naye amenizoea."

Yule mwanamke alimrudisha mtoto mgongoni. "Basi," akasema. Akarudi kinyumenyume hadi kichakani, na nyasi hazikutikisika. Kilio kilisikika kwa muda, kikienda mbali, halafu nyenje wakaanza upya.

Alfajiri, Kokushubila alipokwisha kusimulia, Gozbert alikwenda makaburini. Kaburi lilikuwa zima, msalaba umesimama, nyasi zimeota juu yake. Mwajabu naye alisimuliwa.

"Wako wanaosema hao wa porini huchukua mtoto kabla pumzi haijakatika, wakaacha mfano wake ukazikwa," alisema. "Na wako wanaosema msiba humwonyesha mtu mambo. Mie sijui, mwanangu. Ila usiite tena."

Hakuita tena.

Lakini wiki ile ile walikuta kwale amelazwa kizingitini, bado ana joto, shingo imevunjwa. Wiki iliyofuata, sungura. Mondo aliwala bila kusitasita. Kokushubila alielewa. Mama mwenzake alikuwa anamlisha mwanawe.

Naye akanunua kitambaa cha maua, akashona kigauni kwa mkono, akakiacha kwenye jiwe penye mikorosho. Asubuhi hakikuwapo. Gozbert aliona sindano na uzi, asiulize.

Ikapita miezi kama sita. Asubuhi moja alikikuta kile kigauni mlangoni, kimefuliwa, kimekunjwa vizuri. Akakinyanyua kwenye mwanga. Makwapani kilikuwa kimechanika, na pindo limeshushwa hadi uzi wa mwisho.

Kilikuwa kimembana.

Kokushubila aliingia ndani, akakitandika kile kigauni juu ya kitambaa kipya. Akaongeza vidole vinne kila upande, akaanza kukata.