Usukani Uliokataa Lami Mpya

Nilikuwa napeleka mashuka hospitali, basi. Kazi yangu ndiyo hiyo: asubuhi nachukua machafu, jioni narudisha safi. Jua lilikuwa linazama, mgongo unaniuma, na nilichowaza ni kufika, kushusha mzigo, na kurudi nyumbani kumwangalia mume wangu kama bado anapumua.

Gari la kazini ni jipya, tena lina ujuaji. Chini ya bampa kuna kijicho kinachosoma barabara. Kikikuta lami imelika, usukani unajivuta wenyewe kidogo ili matairi yakwepe palipochakaa. Kwenye barabara zetu mbovu unanivuta huku na huku mpaka mabega yanakufa ganzi. Kila siku nausema kama wifi mkorofi.

Lakini barabara ya hospitali ni mpya. Haina hata ufa. Mume wangu alikuwa mmoja wa vibarua walioimwaga lami. Siku ya mwisho mashine ya kushindilia iliharibika, vibarua wakaambiwa waende nyumbani. Kesho yake watu wakaikuta barabara imeshindiliwa yote, laini kama sahani. Kila mtu akamsifu nyapara wao.

Mume wangu hakuamka kumsifu. Tangu usiku ule alikuwa wa kitandani, amefumba macho, hasemi neno. Na nyayo zake zilikuwa zinalika. Mtu amelala kutwa kucha, lakini kila asubuhi nyayo zimechubuka upya na zina vumbi jeusi! Madaktari walipima, wakapima tena, wakakuna vichwa. Mimi nikawa nampaka mafuta ya kafuri na kumfunga vitambaa. Ngozi ilikuwa inakwisha, na nilijua ikiisha ngozi, atakwisha na yeye.

Sasa jioni hiyo, kwenye lami hiyo mpya, usukani ukavuta.

"Nini tena wewe?" nikaufokea.

Haikuwa mara ya kwanza. Fundi alishaukagua. "Dada, hauna kosa," aliniambia. "Hausomi watu wala wanyama. Unasoma uchakavu tu. Ukivuta, ujue pamechakaa."

Nilikuwa nimechoka kubishana na chuma. Nikasimama, nikashuka, nikapapasa lami kwa kiganja. Macho yaliona palaini. Vidole vikaingia kwenye kibonde. Kirefu, chembamba. Mbele yake kingine. Kisha kingine...

Ukubwa wa unyayo.

Nikanusa vidole vyangu. Kafuri.

Nikampigia mama mkwe, ambaye ndiye aliyekuwa anashinda na mgonjwa. Nikamweleza.

"Wanamtembeza," akanong'ona. "Tunamwona kalala, kumbe yuko kazini. Mfuate, mwanangu."

"Nitamfuataje, mama? Simwoni!"

"Si hilo gari lako linaona? Linakokataa kwenda, wewe nenda. Ukimpata, asikanyage chini tena. Mpakie."

Nikawasha. Usukani ukavuta kushoto, nikaulazimisha kulia. Ukavuta kulia, nikaurudisha kushoto. Tulivyong'ang'aniana, we acha tu. Nilikuwa nalia kwa uchovu na kwa woga, siwezi hata kusema kipi kilizidi. Hivyo hivyo, kwa kukataa kwake, ukanifikisha lami inapoishia, karibu na mapipa matupu ya lami. Hapo ukakakamaa kabisa.

Nikazima gari. Kimya.

Kisha... ndu.

Ndu. Ndu.

Ni kama watu wengi walikuwa wanatwanga kwa pamoja, lakini sikuona mtu. Niliona kokoto tu, zinadidimia zenyewe. Palinuka jasho na lami ya moto, na moto haukuwepo. Nyuma ya mapipa mtu akakohoa. Kile kikohozi nimelala nacho miaka, siwezi kukisahau.

"Mwenzangu," nikanong'ona.

Nilipomwita hivyo, nikamwona: alikuwa pale kwenye vumbi na fulana yake ya kazi, anakanyaga pale pale, pale pale, macho wazi. Nikamkumbatia kiunoni. Maskini, alikuwa mwepesi! Nikampandisha nyuma ya gari, juu ya mashuka safi ya wagonjwa, na nyayo zake zikaacha damu.

Vishindo vikanyamaza vyote kwa mara moja. Nilihisi waliobaki wamegeuka kunitazama.

Niliondoka hata mlango sijaufunga vizuri. Usukani ukatulia mikononi, na mimi nikaanza kucheka peke yangu. Nilikuwa nimempata.

Simu ikaita. Mama mkwe, analia kwa furaha.

"Amefumbua macho! Amekaa! Hata nyayo zimepona, njoo uone! Anaomba chai!"

Nikatazama kioo cha kati. Alikuwa pale pale juu ya mashuka.

"Nani anaomba chai?" akauliza.

Mama mkwe akamsikia. "Huyo ni nani?"

"Mama... si mwanao?"

"Mwanangu yuko hapa, kanishika mkono." Sauti ikawa ngumu. "Wewe umempakia nani?"

Nilifika mpaka nje ya geti letu. Taa ya sebuleni ilikuwa inawaka, na mlangoni alisimama mume wangu kwa miguu yake mwenyewe, kamwegemea mama yake, ananipungia mkono. Jamani, jinsi nilivyotamani kushuka nimkimbilie! Wa nyuma hakunizuia. Alisema tu, kwa sauti ya mtu aliyechoka kuliko mimi:

"Amua wewe, mke wangu. Mimi nguvu za kubishana sina."

Nikatia gia ya kurudi nyuma.

Sasa tunaishi mbali, mimi na huyu niliyempakia. Anachechemea, lakini anapata nafuu. Siku nyingine namtazama anavyokunywa chai na moyo unatulia kabisa. Siku nyingine nalala sebuleni na mlango wa chumba nimeufunga kwa ufunguo, na asubuhi haniulizi kwa nini.

Juzi mama mkwe alipiga. Hana kinyongo, alisema, na mume wangu aliyebaki kwake ananisalimu sana. Amerudi kazini, na kwa bidii yake wamemfanya nyapara. Wamepewa barabara kubwa ya kujenga.

"Inakuja huko kwenu," akasema. "Ameiomba mwenyewe."