Wenyeviti Wawili wa Sungura

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Shantel na Levis walikutana nyuma ya ofisi ya shirika la kusaidia wazee pale Kamere, kando ya ziwa, wakafungua kibanda cha sungura. Shantel alifungua kufuli ya juu, Levis ya chini. Hakuna aliyekuwa na ufunguo wa mwenzake. Walikuwa wenyeviti wawili wa chama cha watoto, sawa kwa sawa. Sungura walikuwa mali ya chama: jike mmoja mweupe na watoto wake, ambao walikuwa hawajafumbua macho. Wakikua, wangegawiwa wanachama wakawafuge.

Mpango huo waliuiga kwa wakubwa. Shirika lilikuwa na wakurugenzi wawili, Madam Awuor na Mzee Mburu, na stoo ya unga wa wazee ilikuwa na kufuli mbili vilevile. Wawili hao walibishana mpaka kuku wakahama kivuli. Hata hivyo stoo ilifunguliwa kila siku, wawe wamenuniana au la. Watoto waliziona kufuli wakaziiga. Hilo la pili hawakuliona.

Basi ikatangazwa kwamba Jumamosi wageni wangekuja kutoka Nakuru, na mwenyekiti angewahutubia. Shantel akaona wenyeviti wawili ni wengi mno. Siku ya mkutano wa chama, Levis alipoinuka kusema, Shantel alijiziba pua. Mama yake Levis alikuwa akipara na kuuza samaki ufuoni.

"Mwenyekiti wa matumbo ya samaki," Shantel alisema. "Ukiwasalimu wageni watakuuliza bei."

Watoto walicheka wakashika mbavu. Hata wale ambao mama zao waliuza samaki walicheka, tena hao ndio waliocheka zaidi.  Levis aliuvaa ufunguo wake shingoni kwa kamba, akaenda zake.

Kesho yake hakuja. Shantel aliwaambia wenzake kwamba mtu huyo angerudi tu kuomba msamaha. Levis naye, huko kwao, alijiambia kwamba Shantel angekuja tu kuomba ufunguo. Wakangojana. Sungura hawakuulizwa.

Wakurugenzi nao walikuwa mtaa wa Section 58, Nakuru, kwa mikutano, funguo zao za stoo wamewaachia wafanyakazi wawili. Shantel alipenyeza majani kwenye waya, yakaliwa. Maji yalimshinda, kwa sababu bakuli lilikuwa kona ya ndani, na alipoyamwaga kupitia waya, maranda ya mbao yaliyanywa yote. Angeweza kumwomba mtu mzima avunje kufuli, lakini angeulizwa mwenzake yuko wapi. Akanyamaza. Jua likachoma bati.

Alhamisi baada ya shule alipochungulia, jike alikuwa na damu mdomoni. Kwenye kiota mlikuwa na vipande.

Wakurugenzi walikuwa wamerejea asubuhi hiyo, wakamkuta amesimama hapo analia. Mzee Mburu alichungulia, asipandishe sauti.

"Jike akikosa maji hula watoto wake," alisema. "Si ukatili, ni kiu. Ukatili ni wenu."

Akalowesha kitambaa, akapenyeza pembe yake kwenye waya. Jike akakinyonya kwa pupa. Shantel alitazama, akaelewa kwamba hata yeye angeweza kufanya hivyo tangu mwanzo. Aliomba kufuli ivunjwe. Madam Awuor akamwambia ufuoni si mbali, akimbie.

Levis alikuwa anapara samaki kando ya mama yake, wateja wamejaa. Shantel alisema mbele yao wote kwamba alikosa, kwamba watoto wa sungura wameliwa, na mama yao anakufa kwa kiu.

Mama yake Levis aliweka kisu chini. "Kumbe ndiye huyu anayeziba pua? Vuta pumzi, mwanangu. Vuta vizuri."

Shantel akavuta. Levis hakungoja amalize. Alishika ufunguo shingoni, akatimka.

Walipofungua, walikuta mtoto mmoja mzima chini ya manyoya, mwembamba kama kidole. Wote wawili wakasema wanajiuzulu.

"Hamjiuzulu," Madam Awuor alisema. "Mimi na Mburu hatupendani."

"Hata kidogo," Mzee Mburu akaitikia.

"Lakini mzee akija na njaa hatumlishi ugomvi wetu. Kuongoza wawili si kupendana. Ni kufika mlangoni na ufunguo wako hata siku ambayo hutaki kuuona uso wa mwenzako. Wewe Shantel ulimdharau, ukafunga kufuli ya kwanza. Wewe Levis ulinuna, ukafunga ya pili. Aliyekufa si mmoja wenu."

Akawapa jembe moja wachimbe kaburi kwa zamu, mmoja achimbe na mwingine afukie.

"Na Jumamosi mtasimama wote wawili mbele ya wageni," alisema. "Wakiuliza watoto wa sungura wako wapi, mtajibu pamoja."