Vibao vya Njia ya Kinanie

Binamu yangu Mbithi anafundisha hesabu, na hesabu haimwachi hata akishika usukani. Akiona namba barabarani lazima aichokonoe. Mchana mmoja wa Jumamosi alitumwa Kinanie kumchukua mama mkwe, aje amsaidie mkewe Nduku, aliyekuwa na mtoto mchanga nyumbani Machakos.

Sisi Wakamba tuna nthoni, ile aibu ya heshima: mama mkwe humtazami usoni. Kwa hivyo pale steji ya matatu Kinanie, mwanamke aliyejitanda leso kichwani alipofungua mlango wa nyuma na kuketi, Mbithi aliinamisha macho, akasalimia, akaondoa gari. Hakujibiwa. Wala hakushangaa.

Kibao cha kwanza kiliandikwa Machakos 34. Kilichofuata, 21. Kisha 13. Mbithi akatabasamu peke yake. Thelathini na nne toa ishirini na moja, ni kumi na tatu! Akashindwa kujizuia.

"Kila kibao ni tofauti ya viwili vilivyotangulia," alijisemea. "Kinachofuata ni..."

"Nane," sauti ilinong'ona nyuma.

Masikio yalimwaka moto kwa aibu. Mama mkwe kumsemesha hivyo? Kibao kikatokea. 8.

"Tano."

Ikawa 5.

"Tatu."

Ikawa 3. Mkono wa Mbithi ulienda kwenye kioo cha kutazama nyuma, akaurudisha. Angemwambia nini Nduku, kwamba alimkodolea mamake macho? Hakugeuka.

"Mbili."

Ikawa 2. Kibao cha 1 kilikuwa kwenye njia yao ya vumbi, mahali ambapo hapajawahi kuwa na kibao. Alipofika getini, simu ililia. Ni Nduku.

"Mbithi, uko wapi? Mum bado ako steji Kinanie. Anakungoja."

Mlango wa nyuma ulifunguka taratibu. Ndipo alipogeuka. Kiti kilikuwa kitupu. Ndani ya nyumba, mtoto aliyekuwa akilia akanyamaza.

Mtoto yuko hai, na madaktari hawaoni kasoro. Mama mkwe aliombwa msamaha, akasamehe. Lakini Mbithi hajamwambia mkewe ni nani alimleta nyumbani kwao. Ameniambia mimi tu, akiwa amefunika uso kwa mikono.

Sasa mtoto anaanza kuongea. Hasemi mama, hasemi baba. Hunong'ona tu: nane, tano, tatu, mbili. Juzi ameongeza moja.

Nduku akimpa mtoto ambebe, Mbithi humpokea. Lakini huinamisha macho.