Mlima wa Uwanjani

Kila alasiri, akitoka shuleni, Kwanini alipitia ofisini kwa shangazi yake, mpima ardhi. Wenzake darasani walimpa jina hilo la Kwanini kwa sababu kinywa chake hakikuishiwa maswali. Alikipenda chumba kile, na hasa kompyuta iliyogeuza namba kuwa michoro ya pande tatu, yenye urefu, upana na kimo.

Wiki hiyo darasa lake lilikuwa limepima uwanja wa shule: urefu na upana kwa futi kamba, mwinuko kwa uzi na rula. Mwalimu mkuu alitaka kujua uwanja umekaaje, maana kona moja ilituamisha maji. Kwanini aliingiza namba peke yake, akachapisha mchoro na kuupeleka mbio, hata shangazi hakuuona.

Mwalimu mkuu alishika kichwa. "Lo! Kumbe macho yalikuwa yakinidanganya! Huu si uwanja, ni mlima! Wadogo watavunjika miguu. Jumatatu tunauzungushia uzio, asiingie mtu."

Rafiki yake aliyekuwa golikipa nusura alie. "Umetuponza! Sasa tutacheza wapi, darini?"

Roho ilimuuma Kwanini, lakini swali nalo lilimwasha. Kama kuna mlima, mbona mpira hauporomoki? Alichukua mpira, akauweka pale penye kilele cha mchoro wake. Mpira ukatulia tuli. Akatoka mbio hadi ofisini.

"Shangazi, kompyuta yako inadanganya!"

"Kompyuta haina ulimi, mwanangu." Shangazi alivaa miwani, akautazama mchoro. "Kilele hiki kina themanini. Themanini nini? Mbuzi? Vijiko?"

"Senti..." Kwanini akaziinamia tena namba zake. Urefu na upana aliviandika kwa mita, kimo kwa sentimita, na kompyuta ikachukua namba zote kuwa mita. "Mama yangu! Sentimita themanini nimezifanya mita themanini!"

Akasahihisha. Mlima ukatoweka, uwanja ukawa bapa kama meza. Alicheka, kisha akakunja uso. "Na ile kona ya maji mbona haionekani?"

"Uwanja una urefu wa mita mia, na kimo hakifiki hata mita moja. Jicho litaona nini hapo? Vuta mhimili wa kimo mara ishirini."

"Si ndiyo kudanganya tena, shangazi?"

"Ukinyamaza, ndiyo. Ukiandika, unalisaidia jicho."

Kwanini akavuta, akaandika kwa herufi kubwa chini ya mchoro: VIPIMO VYOTE NI MITA. KIMO KIMEKUZWA MARA ISHIRINI. Kona ya maji ikajitokeza, imebonyea kama bakuli.

Kesho yake aligonga mlango wa mwalimu mkuu, mchoro mpya mkononi. "Shikamoo, mwalimu. Ule mlima niliutengeneza mimi. Nilichanganya vipimo."

"Marahaba." Mwalimu mkuu aliulinganisha mchoro mpya na ule wa zamani, akasoma maandishi ya chini mara mbili. "Kumbe dawa ni mfereji pale konani, wala si uzio! Uwe na kina gani?"

"Thelathini!"

Mwalimu mkuu akainua nyusi, akangoja.

"Sentimita!" Kwanini akaongeza haraka.

"Afadhali, nilidhani tunachimba kisima." Mwalimu mkuu alicheka, kisha akasema kwa upole, "Namba bila kipimo chake ni nusu ya habari, na nusu hiyo nusura iwanyang'anye wenzako uwanja. Lakini umekagua kazi yako, na umekuja mwenyewe kusema ulipokosea. Mpimaji mzuri ndivyo alivyo. Haya, kamwambie golikipa arudi golini."