Siham na Nduwaro

Kila Jumamosi Siham hupanda mabasi mawili, kutoka mtaa anaoishi huko ughaibuni, Thornton Heath, mpaka mtaa wa Peckham, kwenda kununua samaki. Ana mimba ya miezi mitano. Ni mimba yake ya kwanza, baada ya miaka sita ya kungoja. Tangu aipate, ana hamu ya kitu kimoja tu: nduwaro wa kupaka, kama mama yake alivyokuwa akimpika huko Unguja. Juzi alimla kwa jirani. Leo anamtaka tena.

Dukani alimkuta nduwaro mzima amelazwa juu ya barafu. Mdomo wake ni mrefu kama upanga.

"Ami Hafidh, nikatie kilo mbili," alisema.

Hafidh, mwenye duka, ni Mpemba wa makamo. Alilitazama tumbo la Siham. Akaweka kisu chini.

"Mwanangu, wewe sikuuzii huyu."

Siham alihisi uso ukimwaka. "Kwani nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Njoo umtazame vizuri. Huyu ni mwindaji. Nduwaro wakiona dagaa, hulizunguka kundi zima mpaka liwe kama mpira. Kisha huingia kwa zamu, mmoja mmoja. Hupiga kwa mdomo huu, kulia, kushoto. Na ngozi hubadilika rangi pale pale, ikang'aa buluu."

"Kwa zamu? Samaki?" Siham alisahau hasira zake.

"Wallahi. Hata macho yake yana kitu cha kuyapasha moto, aone vizuri kwenye maji ya baridi."

"Sasa ubaya wake nini?"

"Chakula chake. Baharini mna sumu iitwayo zebaki. Dagaa mmoja anayo chembe tu. Lakini huyu hula dagaa maelfu, na zebaki yao hubaki mwilini mwake, ikizidi mwaka hadi mwaka. Ukimpika, haitoki. Mtoto tumboni ndiye anayeumia, maana ubongo wake bado unajengeka."

Siham alishika tumbo. "Ami, juzi nilimla!"

"Mpigie mkunga wako. Sasa hivi."

Mkunga wake, Mwende, ni Mkenya. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Tulia, Siham. Hiyo ya juzi isikupe presha. Lakini kuanzia leo nduwaro hapana, papa hapana. Jodari kidogo tu. Na usiache samaki kabisa, mtoto anawahitaji. Kula dagaa au vibua, mara mbili kwa wiki, isizidi."

Hafidh alimfungia vibua wanne. Jioni Siham aliwachoma, akawapaka nazi, ndimu na pilipili. Muhiddin, mumewe, alilamba vidole.

"Na mimi nduwaro nimemwacha," alisema, "mpaka ujifungue."

Mwezi wa Machi alizaliwa Miska, kilo tatu na nusu, mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima. Mwende alimweka kifuani kwa mama yake. "Mzima kabisa," alisema.

Siku moja Siham alikuwa akimnyonyesha huku akitazama video kwenye simu. Nduwaro alikuwa akikata maji, buluu tupu, pezi la mgongoni limesimama.

"Mtazame, Miska," alinong'ona. "Mfalme huyo. Mwache ale dagaa wake, na sisi tule wetu."