Ile Nyekundu ya Mwaka wa Kumi na Tisa

Nilisikia kwenye foleni ya kliniki kwamba pikipiki za toleo la mwaka wa elfu mbili na kumi na tisa hukatika shingo zikiwa mwendoni. Aliyesema hata hakumjua aliyeanguka. Mimi nikarudi na neno hilo nyumbani, nikala nalo, nikalala nalo, maana mpenzi wa binti yangu alikuwa anatafuta pikipiki ya mtumba.

Walijuana sokoni, penye watu wanaosukumana. Binti yangu ni fundi cherehani. Kijana, msambaza mikate, alikuja suruali imechanika nyuma, akangoja nyuma ya pazia amejifunga shuka. Akaambiwa kuanzia leo asiiname mbele za watu. Kesho yake akarudi na suruali nzima, eti kifungo kimelegea. Basi zikawa simu asubuhi na mchana, mpenzi umekula, mpenzi umefika, mpaka mimi nikaijua ratiba ya mikate.

Kwa muuzaji wa pikipiki za mtumba zilibaki mbili. Ya mwaka wa kumi na nne, tangi limebonyea, kiti kimepasuka. Na ya kumi na tisa, nyekundu, inang'aa kama kucha za bibi harusi. Kijana akaitaka hiyo. Binti alipomweleza hofu yangu, alicheka, akasema mama mkwe anataka mwanawe abebwe kwa mkokoteni.

Binti akaenda peke yake kumuuliza fundi pikipiki. Kijana akapita na mikate yake, akawaona wameinamia fremu moja, wanacheka. Siku nne hakupokea simu. Binti hakulilia mapenzi, alilia kwamba kijana ataenda kuinunua ile nyekundu kwa hasira.

Jumamosi asubuhi tukamfuata kwa muuzaji, mimi nikajibanza nyuma ya lori lililoegeshwa pale. Tulimkuta ameshaikalia, shati jeupe limenyooshwa pasi.

"Panda tuijaribu," akamwambia. "Au ngoja fundi wako akubebe."

Binti alichuchumaa na gauni lake la kijani, akapitisha vidole chini ya tangi, pale shingoni, usukani unapoungana na fremu, taratibu, kama anayetafuta mshono.

"Hapa pameungwa," akasema.

Muuzaji akasema ni rangi tu. Binti akakwangua kwa ncha ya mkasi. Chini ya rangi palikuwa na donge la kuchomelea, na pembeni yake ufa mwembamba, urefu wa kidole. Mwaka haukuwa na kosa. Ile ilishapata ajali, ikafichwa.

Kijana akashuka.

"Nimetoka nayo barabara kuu sasa hivi," akasema. "Malori yananipita."

"Fundi alikuwa ananionyesha pa kushika," binti akasema. "Nilimwambia nina mtu wangu mbishi, ndiyo akacheka."

Kijana akaigeukia ile yenye kiti kilichopasuka. "Nikichukua ya kumi na nne, utapanda?"

"Kofia ngumu mbili kwanza."

"Na nikileta wazee nyumbani kwenu?"

"Muulize yule aliyejificha nyuma ya lori."

Nikajitokeza, nikaitikia kwa kichwa. Ya kumi na nne fundi aliikagua mpaka chini ndipo wakaichukua. Hata hivyo, ikichelewa kurudi nasimama mlangoni.

Wenye watoto, waambieni waepuke haya:

Kuamini mwaka wa kwenye kadi ya pikipiki bila kulinganisha namba yake na iliyogongwa kwenye fremu.
Rangi mpya shingoni peke yake.
Muuzaji anayekataa fundi wako.
Kununua ukiwa na hasira.
Kumpakia umpendaye kwenye chombo ambacho hujakikagua.