Mshumaa wa Mawele Mapya

Hii sikuiokota sokoni. Ilimpata Lydiah, rafiki yangu wa Siakago, msimu wa kuvuna mawele. Jioni mama mkwe wake alimpa mshumaa aupeleke ghalani.

"Mama Ireri, washa, uache uishe wenyewe. Waliotutangulia huonja mavuno kwanza. Wakikosa mwanga, hawajui wanakula nini."

Lydiah akaenda, Ireri wake mchanga akiwa mgongoni. Akawasha. Lakini aliogopa nyasi za paa zingeshika moto, akaupuliza.

Gizani akasikia kutafuna kwa polepole, kama kwa wazee wasio na meno. Halafu sauti ikahamia nyuma yake. Akakimbia.

Jikoni alimfungua mtoto. Alikuwa kimya, macho kodo. Mguu wake mmoja ulikuwa umelowa mate, na maganda ya mawele yamenata hadi gotini.